Deki ya Marehemu

Mtu akimwonea wivu jirani yake, tunamwelewa. Akimwonea wivu shemeji yake, tunamcheka kidogo, kisha tunaendelea na shughuli zetu. Lakini fundi huyu aliionea wivu deki ya CD. Mtu wa miaka hamsini na mbili, na akili zake timamu. Na nyuma ya deki alimwonea wivu mwenye deki, ambaye alikwisha kuzikwa miaka minne iliyopita na hakuwa na namna tena ya kumkosea mtu.

Watu walimwita Fundi Sikio. Ungempelekea redio mbovu, angeiwasha, angeinamisha kichwa upande kama kuku anayemchungulia mwewe, kisha angekutajia ugonjwa wake kabla hajashika bisibisi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja: meza ndefu yenye madoa ya kuungua, taa ya kuning'inia, vikopo vya skrubu vilivyopangwa kwa ukubwa, na ukuta mwembamba uliompakanisha na kinyozi. Mbele palikuwa na kabati la kioo lenye deki mpya za kuuza. Zilikuwa nyembamba na nyepesi, zenye taa za bluu, na zilicheza kila kitu: CD, sinema, flashi, hata picha za harusi. Mteja akiuliza kama sauti yake ni nzuri, fundi alijibu, "Zinasoma kila kitu." Mteja mjanja angegundua kwamba hakujibiwa.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha kwa mteja yeyote. Kazi ikiisha, hakuiwasha mashine yeye. Aliigeuza imtazame mteja, akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono mgongoni na kusema, "Bonyeza mwenyewe." Zamani mteja mmoja mkorofi aliwahi kumsingizia kwamba redio iliimba dukani kwa sababu fundi alikuwa ameubana waya kwa kidole, na ilipofika nyumbani ikagoma. Tangu siku hiyo, mikono mgongoni.

Ndivyo alivyompata mke.

Alikuwa mkunga wa zahanati, mjane, na siku hiyo alikuja dukani anahema, amebeba deki ya zamani iliyofungwa kwenye shuka. Ilikuwa ya marehemu mumewe, karani wa mahakama. Fundi aliifungua, akaisafisha, akaitia mkanda mpya wa trei, kisha akaigeuza upande wa mteja.

"Bonyeza mwenyewe, mama."

Mkunga alisimama, kidole kikiwa hewani, muda mrefu mpaka fundi akadhani anaogopa umeme.

"Haina shoti," alimwambia.

Akabonyeza. Trei ikaingia, wimbo ukaanza, na machozi yakamtoka mama wa watu bila sauti, huku anatabasamu. Fundi akasema moyoni, huyu bado anampenda mumewe. Akamhurumia. Huruma ile haikukaa pale ilipowekwa. Mkunga alipoleta kwa mara ya tatu redio ndogo ambayo haikuwa na ubovu wowote, eti "inakoroma," hata kinyozi alijua kinachoendelea.

Mazungumzo yao yalikuwa ya masikio. Mkunga alimweleza jinsi anavyoinama na kile chombo cha mbao chenye umbo la tarumbeta, upande mmoja kwenye tumbo la mama mjamzito na upande wa pili sikioni, akisaka mapigo ya mtoto chini ya kelele za wodi nzima. Fundi naye alimtolea siri za kazi yake.

"Ukitaka kulinganisha mashine mbili," alimwambia siku moja, "kwanza zisawazishe sauti kwa kipimo. Ukiongeza moja kidogo tu, msikilizaji hasemi hii ni kubwa. Anasema hii ni nzuri. Wauza spika wote wanalijua hilo."

"Na wewe je?"

"Mimi nalijua. Silifanyi."

Mkunga alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza fundi.

Wakaoana. Fundi, ambaye siku zote alikuwa akilala chumba cha nyuma ya duka, alihamia nyumbani kwa mkewe. Kinyozi alimtania kwamba ameolewa, naye hakujali. Alichokikuta sebuleni ndicho kilichomnyima raha.

Chini ya dirisha palikuwa na rafu ya mbao ngumu iliyochongwa kwa kipimo cha deki ile. Kando yake CD mia na ushei zilisimama kwa mstari, kila moja imebandikwa namba iliyopigwa taipureta, na daftari la orodha lilining'inia kwa kamba. Karani alikuwa mtu wa utaratibu. Hata picha yake ukutani ilikaa sawasawa, haikuinama huku wala huku, na fundi alikuwa ameshaipima kwa macho mara nyingi akitarajia kuona kosa.

Kila siku mkunga akirudi kutoka zamu ya asubuhi, alinawa, akavuta kiti mbele ya deki, akachagua CD na kubonyeza kitufe kwa kidole kimoja, taratibu. Kisha alifumba macho mpaka CD ikaisha. Hakutaka kuzungumzishwa. Fundi alikaa kiti cha pili, chai ikimpolea mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, akimtazama mke wake akimtabasamia mtu mwingine.

Maana alikuwa na hakika ni mtu mwingine. Angekuwa mwanamume hai, angemfuata kazini kwake wakaelezana. Marehemu unamfuata wapi? Basi akawa mpelelezi wa daftari. Aliona mkewe anapenda kuirudia namba arobaini na nne. Mkewe akiwa kazini, alifungua orodha, akakuta karani ameandika mwezi alioinunua, kwa mwandiko mzuri wa kukera.

"Hivi wewe na marehemu mlioana mwezi gani?" aliuliza siku hiyo, akijifanya anafuta miwani.

"Wa tatu. Kwa nini?"

"Hata. Nimeuliza tu."

Arobaini na nne ilikuwa imenunuliwa mwezi wa tisa. Fundi hakupata nafuu. Alianza kufikiria mwezi wa tisa walikuwa wanafanya nini.

Mwanzoni alijikaza. Baadaye akaanza vijineno: hii deki inakula umeme, hii deki inakusanya vumbi. Mkunga akafuta vumbi, na habari ya vumbi ikaisha. Ndipo siku moja fundi akatoa kwenye kabati lake la kioo deki mpya kabisa, iliyo bora kuliko zote, akaiweka mezani nyumbani.

"Zawadi," alisema. "Upumzike na lile jiwe."

Mkunga alishukuru. Akaweka CD, akasikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyomsikiliza mgonjwa mwenye maneno mengi. Kisha akaitoa CD na kuirudisha kwenye deki ya zamani.

"Ile inaimba," alisema. "Hii yako inasoma."

Neno hilo lilimkaa fundi kooni wiki nzima. Kilichomuuma ni kwamba mkewe alisema kweli, na yeye mwenyewe aliisikia kweli hiyo kila siku. Deki ya zamani ilikuwa na transfoma nzito kama nusu tofali, ikitoa umeme uliotulia. Ilikuwa na bodi nzima iliyotengewa kazi moja, kugeuza namba zilizo kwenye CD kuwa sauti, na walioitengeneza walikaa wakaisikiliza kabla ya kuiachia. Haikujua sinema wala picha za harusi. Ile mpya mambo yake yote yalikuwa kwenye chipu moja ya ukubwa wa ukucha. Tofauti yenyewe haikuwa kubwa kama wapenda mashine wanavyotia chumvi. Mtu mwingine angeipita bila kuijua. Lakini nyumba ile ilikuwa na watu wawili wenye masikio. Katika deki ya zamani ulimsikia mwimbaji akivuta pumzi, na kimya kati ya neno na neno kilikuwa kimya kweli.

"Kumbe hata sikio langu liko upande wake," fundi alijisemea, na roho ikamuuma mara mbili.

Hapo akapata wazo la mtihani.

Jumapili moja alasiri dada yake mkubwa alikuja kuwatembelea. Alikuwa mama mcheshi ambaye tangu azaliwe hajajifunza kunong'ona. Fundi alisubiri chai inywewe, kisha akasema, "Mke wangu, wewe ni mtu wa haki. Kaa, angalia mlangoni, mashine zikae nyuma yako. Dada atageuza swichi ya kuhama deki moja kwenda nyingine. Wewe useme tu ipi nzuri, ya kwanza au ya pili. Mara tano."

"Na ikishindwa ya zamani?"

"Iondoke."

"Na ikishindwa yako?"

"Nitafunga mdomo maisha yangu yote."

"Wifi, kubali upesi," alisema dada. "Mimi hilo nimelitafuta miaka hamsini."

Mkunga alimtazama mumewe kidogo. "Umezisawazisha sauti?"

"Kwa kipimo," alijibu fundi.

Na kweli alikuwa amezisawazisha. Asubuhi ile, mkewe akiwa sokoni, alitumia CD ya majaribio na kipimo chake, akaziweka sawa kabisa, kazi safi isiyo na doa. Kisha akabaki amesimama na rimoti ya deki mpya mkononi, wakitazamana na karani wa ukutani. Akabonyeza mara mbili. Vitone viwili vya sauti viliongezeka kwenye kioo cha deki, vikazimika. Vitone viwili tu. Kwa hiyo aliposema "kwa kipimo" alikuwa anasema uongo uliovaa nguo za kweli, na hakupepesa macho.

Mkunga akageuza kiti, akakaa na mgongo kwao. Dada akashika swichi kwa mikono miwili kama usukani wa basi, na karatasi ya mpangilio aliyopewa na mdogo wake ikiwa mapajani.

"Hii ya kwanza," alitangaza. "Na hii ya pili. Mimi kote nasikia mtu anaimba."

"Dada, usitoe maoni."

"Ya pili," alisema mkunga.

Ilikuwa deki mpya. Mara ya pili deki mpya iliwekwa kwanza, na mkunga akasema ya kwanza. Ikaendelea hivyo hadi mwisho: mara tano kati ya tano. Alijibu kila safari kabla mwimbaji hajafika neno la tatu, yeye ambaye kuchagua nyanya humchukua robo saa. Fundi hakuliona hilo. Alikuwa na kazi ya kuzuia uso wake usicheke.

"Haya," alisema mkunga akiinuka. Alizichomoa nyaya za deki ya zamani mwenyewe, akaifunga kwenye shuka lile lile la siku ya kwanza. "Ipeleke dukani. Fanya nayo utakavyo."

Fundi akaibeba palepale, asije mtu akabadili mawazo. Uzito ulimkata mabega naye akauona mtamu. Njiani alisalimia hata watu asiowajua.

Kesho yake kinyozi akaingia na deki yake, inakataa kusoma CD. Ilikuwa ya aina ile ile na umri ule ule kama ya karani. Lenzi yake ilikuwa imekufa, na lenzi za aina hiyo hazipatikani tena. Siku nyingine fundi angemwambia hivyo, wakasikitika pamoja. Siku hiyo alilivuta shuka lililokuwa chini ya meza. Alifungua skrubu nne, akaliinua jicho la deki ya karani kwa koleo ndogo, akalihamishia kwenye deki ya kinyozi. Katikati ya kazi alijikuta anapiga mluzi.

Mluzi haukudumu. Kinyozi alirudi kwake, akaiwasha, na deki ikaanza kuimba nyuma ya ukuta.

"Fundi, umeitia nini hii?" kinyozi alipaza sauti. "Inaimba kuliko zamani."

Lenzi haiimbi. Lenzi husoma tu, sauti hutengenezwa kwingine. Fundi alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Hata hivyo alishinda pale kutwa, bisibisi mkononi, akimsikia karani akimwimbia kutoka kwa kinyozi, na hana pa kukimbilia.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Deki mpya ilikaa kwenye rafu ile imepwaya kama mtoto ndani ya koti la babake. Mkunga hakuigusa. Akirudi kutoka kazini alinawa, akaenda jikoni, akabaki huko. Fundi akiona kimya kimezidi, aliiwasha yeye, akaweka namba arobaini na nne kwa kujishusha kabisa, akaita, "Njoo usikilize."

"Nasikia hapa hapa," alijibu mkunga.

Hakuwa amenuna. Alimwekea chai, alimuuliza habari za dukani, alicheka vichekesho vya kinyozi alivyoletewa. Ila lile tabasamu la macho kufumbwa lilikuwa limeondoka pamoja na deki. Siku zikapita, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fundi aliketi peke yake mbele ya ushindi wake na wivu ukamzidi kuliko mwanzo. "Nimemfukuza karani sebuleni," alijiambia, "amehamia jikoni."

Alasiri moja uvumilivu ukamwishia. Aliiacha deki ikicheza, akaenda jikoni. Mkunga alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta wa sebule, macho yametazama sakafu.

"Unamkumbuka hapa?" fundi aliuliza. "Niambie tu. Mimi mtu mzima."

"Namkumbuka nani?"

"Mwenyewe. Karani. Ulikuwa unakaa na deki yake unamtabasamia. Nimeiondoa, sasa unakaa huku unamlilia. Mimi nitashindana vipi na mtu aliyekufa? Kosa lake lolote limeshasamehewa, langu ndilo linaonekana."

Mkunga alitoa kicheko kifupi kisichokuwa na furaha ndani yake. Akasogea mbele kidogo kwenye kigoda.

"Tazama huu ukuta," alisema.

Fundi akatazama. Jiko lote lilikuwa limepauka kwa moshi na miaka, lakini nyuma ya mkewe, kwa kimo cha mabega ya mtu aliyekaa, rangi ilikuwa imesuguka mpaka plasta inang'aa.

"Miaka kumi na tisa," alisema mkunga. "Ile deki sikuruhusiwa kuigusa. Vidole vyangu vina mafuta, alisema. Nitakwaruza, nitamvurugia namba zake. Alikuwa akitoka mahakamani anajifungia sebuleni, anasikiliza peke yake. Mimi nasikilizia hapa. Arobaini na nne unaniona naipenda kwa sababu ndiyo iliyokuwa inapita ukuta vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga, hakunitukana. Aliniambia tu kila siku kwamba kile si changu."

Fundi aliketi juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa.

"Alipokufa niliendelea kuiogopa. Miaka miwili, ikakaa mpaka ikaharibika. Nikakuletea. Na mtu nisiyemjua akaigeuza upande wangu, akaweka mikono yake mgongoni, akaniambia bonyeza mwenyewe. Mara ya kwanza maishani mwangu kukibonyeza kile kitufe ilikuwa juu ya meza yako. Uliniona nalia. Mpaka leo hujaniuliza nilikuwa nalia nini."

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Sasa nikuulize mimi. Kila siku nikikaa pale, nikibonyeza mwenyewe, nilikuwa namtabasamia nani?"

Fundi aliutazama tena ule ukuta uliosuguka.

"Halafu wewe ukaja na rimoti yako." Sauti ya mkunga haikupanda, na afadhali ingepanda. "Mimi natafuta moyo wa mtoto ndani ya tumbo la mama anayepiga kelele. Ulidhani vitone viwili vitanipita?"

"Ulijua?"

"Kwenye wimbo wa kwanza. Nikachagua ile ya juu mara zote tano nione utafika nayo wapi. Nilisema moyoni, atafika mlangoni atarudi. Nilikuuliza mbele ya dada yako, umezisawazisha? Ukasema kwa kipimo. Nikasubiri jioni ile uniambie. Nikasubiri wiki tatu." Aliinuka, akasuuza kikombe ambacho hakikuwa kichafu. "Yule alininyima kitufe. Wewe umenichezea masikio. Sijui kubwa ni lipi."

Nami ninayesimulia ningependa kumtetea, lakini siwezi. Wivu wake wote wa mwaka na nusu ulikuwa umepiga kambi kwenye uso wa mkewe, na ule uso ulikuwa unamtazama yeye. Alikuwa amejionea wivu mwenyewe. Na lililo baya zaidi alikuwa bado hajalisema.

"Nimeing'oa lenzi," alisema. "Iko kwa kinyozi."

Mkunga alikiweka kikombe chini.

"Basi unajua pa kuanzia," alisema.

Fundi alizichomoa nyaya za deki mpya, akaitia kwapani, akatoka. Kinyozi alikuwa na mteja mwenye kichwa kilichonyolewa nusu, na deki yake ikiimba juu ya kabati la taulo.

"Nakupa hii," fundi alisema akihema. "Mpya. Nirudishie lenzi yangu."

Kinyozi alizima mashine ya kunyolea. Akaipima ile deki kwa mkono mmoja jinsi ilivyo nyepesi. "Yangu inaimba, bwana. Hii inaimba?"

"Inasoma kila..." Fundi akajikamata. Miaka mingi alikuwa amelitumia jibu lile, na siku hiyo lilimgeuka mdomoni. "Hapana. Haiimbi kama hiyo yako. Utapata hasara ya masikio. Lakini nakuomba."

Yule mteja wa nusu kichwa akageuka kwenye kiti kumtazama mwuza deki anayeiponda deki yake.

"Lenzi ya marehemu, siyo?" kinyozi aliuliza.

"Ya mke wangu," alisema fundi.

Kinyozi akazima muziki, akamkabidhi deki yake nzima.

Kesho yake duka halikufunguliwa. Fundi alijifungia ndani, akalirudisha jicho mahali pake, akalisafisha kwa pamba, akasawazisha kila kilichosawazishika, akafuta kila alama ya kidole chake kwenye chuma kile. Mchana akaibeba mpaka nyumbani. Uzito ulikuwa ule ule, ila haukuwa mtamu. Akaiweka kwenye rafu, akaunganisha nyaya. Mkunga aliporudi kutoka zamu yake akanawa, akavuta kiti, akaja na arobaini na nne mkononi.

Fundi alirudi nyuma hatua moja, akaweka mikono mgongoni. "Bonyeza mwenyewe," alisema.

Mkunga alikitazama kitufe, kisha akamtazama yeye.

"Toka kwanza," alisema.

"Nitoke?"

"Nenda jikoni. Na ufunge mlango."

Akaenda. Alikaa kwenye kigoda, akaegemea ukuta pale palipong'aa. Upande wa pili trei iliingia, wimbo ukaanza, na fundi akainamisha kichwa kwa mazoea kutafuta pumzi ya mwimbaji. Hakuipata. Ukuta ulikuwa umekula maneno nusu, umeacha mdundo na mngurumo. Alisikiliza kwa sikio lake lile lenye sifa mji mzima, na akajua kwamba kupitia ukuta ule deki ya zamani na deki mpya zingekuwa sawa kabisa. Miaka kumi na tisa ya mkewe ndiyo aliyokuwa anaisikia.

Kisha juu ya mdundo ikapanda sauti nyingine, ya karibu zaidi. Mkewe alikuwa anaimba. Katika mwaka na nusu hakuwahi kumsikia akiimba, na hakujua kwamba anayajua maneno yote. Alitamani kuuona uso wake wakati ule kuliko alivyowahi kutamani kitu, na wivu ukamshika palepale, wivu mkali, na safari hii hakuwa na karani wa kumtwisha. Mlango ulikuwa hatua tatu tu, haukufungwa kwa ufunguo.

Arobaini na nne ina dakika hamsini na nane. Fundi aliweka mikono mgongoni, kati yake na ukuta, akasubiri iishe.